Kirusi Kilichoitwa Ambi

Kyimo,
Jumapili, 2 Machi 2025

Dada Naima,

Shikamoo.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Madamu Felista anayetufundisha Baiolojia. Kaka yangu Ambindwile hayuko Chunya kuchimba dhahabu kama ninavyowaambia wenzangu darasani. Yuko chumba cha nyuma, dirisha wazi, anaumwa kifua kikuu sugu. Tangu Januari.

Samahani kwa kuanza hivyo. Huenda hata hunikumbuki. Ulipokuja shuleni kwetu kutoka maabara na koti lako jeupe ukauliza nani atakusanya udongo, mimi ndiye niliyenyoosha mkono nusu, ukasema, "Wewe wa dirishani, mkono huo unakuna kichwa au unajitolea?" Darasa zima likacheka. Nilikuwa najitolea.

Ulisema kwenye udongo kuna virusi ambavyo havina habari na sisi watu, vyenyewe huwala bakteria tu. Ukasema ninyi mnavitafuta vile vinavyomla ndugu wa bakteria wa kifua kikuu. Toka hapo sikusikia kitu kingine mpaka kengele ikagonga.

Nimeweka udongo wa sehemu nne. Kichupa cha kwanza ni cha shamba la chai, cha pili ni mtoni, cha tatu ni shimo la mbolea nyuma ya jiko letu ambako tunatupa maganda ya ndizi, cha nne ni chini ya parachichi. Sikukausha, kama ulivyosema. Samahani kama vinanuka.

Nyumbani mimi ndiye msimamizi wa dawa. Nesi Jenifer wa zahanati alisema achaguliwe mtu mmoja wa kumwangalia kaka akimeza. Baba hatunaye, mama anawahi kuchuma chai, nikabaki mimi. Kila asubuhi nasimama mlangoni na barakoa. Kaka anameza, anafungua mdomo nione, halafu ananitolea ulimi. Natia tiki kwenye kadi. Bado miezi minne.

Tafadhali usinijibu kwa simu. Simu ni ya mama na anaishika kaka. Weka barua kwenye boksi la vichupa vitupu, Madamu Felista atanipa. Samahani kwa usumbufu.

Mdogo wako,
Atupele


Mbeya,
Jumatano, 19 Machi 2025

Mdogo wangu Atupele,

Marahaba! Umeandika "samahani" mara tatu, nimezihesabu. Ukiniandikia tena ukiweka hata moja, narudisha barua.

Vichupa vilinuka, ndiyo. Kondakta wa basi alinipigia simu anauliza kama nimeagiza ng'ombe aliyekufa. Lakini mimi mtoto wa Mzee Yussuph wa sokoni Tukuyu, nimekulia kwenye tope hilo hilo na mvua hiyo hiyo, haliniudhi.

Sasa kaa chini. Umekaa? Kichupa cha tatu. Shimo lenu la maganda ya ndizi.

Nilitikisa udongo wako kwenye maji ya chumvi, nikachuja kwa kichujio chenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hapiti, kirusi anapita. Maji hayo nikayachanganya na bakteria wetu wa maabara, yule ndugu asiye na madhara anayekua haraka, nikamwaga kwenye sahani ya jeli. Bakteria wakikua, sahani yote inakuwa nyeupe kama ukoko wa maziwa. Asubuhi ya pili nikaifungua, nikakuta ukoko una matundu. Kumi na saba! Kila tundu ni mahali ambapo kirusi kimoja kiliingia ndani ya bakteria, kikajizalisha, kikampasua, na watoto wake wakaingia kwa majirani. Nilipiga kelele mpaka bosi akaja kuuliza nimeungua wapi.

Kwa desturi ya kazi hii, aliyechota udongo ndiye anayekipa kirusi jina. Nimekuwekea fomu ya matokeo, ni ya Kiingereza kama kawaida yetu, jaza jina pale kwenye nafasi. Jina hilo litabaki kwenye orodha hata sisi tukiwa hatupo.

Kuhusu kaka yako, pole sana, na siri yako iko kwangu. Nani ajuaye, Atu. Kuna siku moja virusi vya namna hii vitasaidia watu kama yeye.

Dada yako,
Naima


Kyimo,
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Dada Naima,

Shikamoo. Asante sana kwa barua na fomu. Tumefurahi wote.

Jina nimelijaza. Kirusi kinaitwa Ambi, kwa ajili ya kaka. Amefurahi. Yuko hapa nyuma yangu anasoma juu ya bega, na barakoa ameivaa kidevuni.

Jumapili tulikwenda kanisani. Mama alibeba mkungu wa ndizi.

Ninaomba kuuliza, kutoka kwenye tundu la sahani mpaka kuwa dawa ya kumpa mtu, ni muda gani? Kaka anasema niandike "wiki ngapi".

Wako,
Atupele

Dokta Naima, mambo? Huyu mdogo wangu anaandika kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni, ngoja nimalizie mwenyewe. Mimi ndiye Ambi, mwenye jina. Mwambie huyo mtu wangu wa kwenye sahani afanye haraka huko alipo, huku miguu inawaka moto kama nakanyaga makaa, na hivi vidonge vyenu nimevichoka kabisa, vinachoma mpaka tumbo. Akifika nitampokea kwa mbalaga ya mama, ndizi na maharage, ale ashibe kabla ya kuanza kazi. Ndaga fijo, asante sana. A. M.


Mbeya,
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Mdogo wangu Atupele,

Barua hii soma peke yako. Nimeianza mara tatu.

Nianze na Ambi wa kwenye sahani. Nilipokuandikia habari zake ilikuwa siku ya pili, nikakimbilia kalamu. Ningesubiri. Siku ya nne matundu yake yalianza kuwa na ukungu katikati. Hayakuwa wazi kabisa. Ukungu ule ni bakteria waliobaki hai ndani ya tundu. Maana yake Ambi ni kirusi cha namna ya pili: akiingia si lazima apasue. Mara nyingi anaichomeka DNA yake katikati ya DNA ya bakteria, analala. Bakteria anaendelea kula na kugawanyika, na kila anapogawanyika anamnakili mgeni bila kujua. Kibaya zaidi, bakteria mwenye Ambi aliyelala ndani hawezi tena kuuawa na Ambi mwingine wala ndugu zake wa karibu. Aliye ndani anawafungia mlango.

Wametusomea DNA yake. Ni herufi elfu hamsini na kidogo. Jeni ya kujichomeka ipo, jeni ya kumlaza ipo. Zaidi ya nusu ya zilizobaki hakuna anayejua zinafanya kazi gani, si sisi tu, hakuna. Kuna wataalamu nje waliowahi kuikata jeni ya kulaza kwenye virusi vyao wenyewe, kirusi kikabaki cha kuua tu, wakawapa wagonjwa wachache sana. Kazi hiyo ni ya miaka, na kila kirusi kina bakteria wake wanaokikubali na wengine hakiwagusi.

Nikawaomba wenzetu wenye maabara iliyofungwa maalumu wakidondoshe juu ya bakteria wa kifua kikuu chenyewe. Jibu limekuja jana. Ukoko mzima. Hakuna tundu hata moja. Ambi hamgusi.

Niliandika "nani ajuaye". Nilikuwa nimefurahi, na neno la mtu aliyefurahi halikupaswa kwenda kwenye nyumba yenye mgonjwa. Hilo ni kosa langu, usilibebe.

Sasa swali moja. Kaka yako ameandika amevichoka vidonge. Anameza? Usinijibu kwa adabu, nijibu kweli. Bakteria wa kifua kikuu sugu akipewa dawa akanusa tu, halafu ikakatwa, wale wachache wanaostahimili ndio wanaobaki na kuzaana. Hizo alizonazo ndizo dawa nzuri tulizobaki nazo. Kama kuna siku zimeruka, nesi anatakiwa kujua ni siku zipi na ngapi, kabla ya majibu ya makohozi. La sivyo wataona wadudu wamerudi na watadhani dawa ndizo zilizoshindwa.

Nijibu, Atu. Namba yangu Madamu Felista anayo.

Dada yako,
Naima


Kyimo,
Jumapili, 11 Mei 2025, saa tisa alasiri

Dada Naima,

Shikamoo.

Hamezi.

Barua yako niliipata tarehe mbili. Nimetembea nayo ndani ya soksi siku tisa, imelainika kama kitambaa. Namba yako pia nilipewa. Niliiomba simu ya mama, nikafika nyuma ya jiko, nikabonyeza tarakimu zote, na nilipobakiza kitufe kimoja kaka akaita kutoka ndani, "Atu, unampigia nani, mchumba?" Nikafuta.

Nataka nikueleze ilivyokuwa kwa mpangilio, lakini mpangilio wenyewe unaanzia kwangu.

Fomu yako ilikuwa ya Kiingereza. Nyumbani kwetu Kiingereza ni mimi. Barua ya mkopo, maandishi ya kwenye dawa ya ng'ombe, kila kitu naletewa mimi. Siku ile mama alikuwa anapukuchua maharage, kaka amekaa mlangoni anaota jua lile dogo linalotoka kati ya mvua mbili. Mama akasema, "Soma, tusikie." Kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema kirusi kimepatikana, kinaingia ndani ya bakteria fulani asiye na madhara. Wa pili ulisema hakijajaribiwa kwa ugonjwa wowote.

Mimi nikasema, "Wamepata kwenye shimo letu mdudu anayekula kifua kikuu."

Sikupanga kusema uongo, dada. Nilikuwa nakwenda kwenye mstari wa pili. Lakini mama aliuacha ungo ukamwagika, akashika kichwa kwa mikono miwili, na kaka akasema, "Weweee!" kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya Januari. Mstari wa pili ukanikauka mdomoni.

Nilidhani nitausoma kesho yake. Kesho yake mama alikuwa ameshakwenda kwa mchungaji.

Jumapili ile ya tarehe thelathini tulitoa shukrani. Mama alikwenda mbele na mkungu wa ndizi na jogoo. Ile siri niliyokuandikia kwenye barua ya kwanza, mama aliisema kwenye kipaza sauti, jina la ugonjwa na kila kitu, na nusu ya darasa langu walikuwa wamekaa upande wa kwaya. Nilitaka sakafu inimeze. Halafu mchungaji akasema, "Msomi wetu yuko wapi? Aje atusomee karatasi mwenyewe, na atutafsirie." Nikasukumwa mbele. Nilisoma mistari yote miwili kwa Kiingereza, vizuri kabisa, hakuna aliyeelewa. Kisha nikatafsiri. Watu wote wananitazama, mama anaitikia kwa kichwa kila neno. Mstari wa pili niliutafsiri hivi: "Na wataalamu wanaendelea na kazi." Wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Watu wakaja nyumbani baadaye wakaliangalia shimo. Mzee Erasto, jirani, aliomba ndoo ya mbolea ya humo.

Ya nyumbani ilinitoka. Ile ya kanisani niliichagua.

Jumatatu asubuhi nikasimama mlangoni na barakoa, vidonge kwenye kifuniko. Kaka akasema, "Hivyo peleka kwa anayevihitaji. Mtu wangu anakuja."

Nikasema, "Kaka, meza tu, tafadhali."

"Atu. Wewe si ndiye uliyesoma? Mdudu yuko tayari, au hayuko tayari?"

Nikasema, "Yuko njiani."

"Basi mimi siwezi kuungua miguu yote miwili kwa ajili ya kitu kinachokaribia kuisha. Kafukie huko shimoni. Na mama asijue, atalia bure."

Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minane. Ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda chekechea mvua ikinyesha. Sijawahi kumwambia kaka "hapana" hata kwa kitu kidogo, sijui hata sauti yake inatokaje. Nilichukua vile vidonge nikavifukia shimoni, palepale nilipochota kichupa cha tatu. Halafu nikatia tiki.

Leo tiki ni arobaini na mbili. Nimezipiga kwa mwandiko mzuri. Nesi Jenifer alipokuja Aprili aliangalia kadi, akaangalia pakiti tupu, akanishika bega akasema, "Ningekuwa na wasimamizi kumi kama wewe." Nilienda kujificha kwenye banda la ng'ombe.

Barua yako ilipofika nilikuwa nimekwishajua kabla ya kuifungua, maana ilikuwa nyembamba. Sehemu ya bakteria anayelala na mgeni ndani niliisoma mara nyingi kuliko zote. Anakula, anakua, kwa nje mzima kabisa, na hakuna anayeweza kumfikia tena kwa sababu mlango umefungwa kutoka ndani. Nilifikiri, huyu namfahamu.

Kaka hajui kama barua ilikuja. Kila Ijumaa nikirudi ananiuliza, "Mtu wangu amefika?" nami nasema boksi halijaja. Amechora stika kwenye daftari langu la zamani, mdudu mwenye miguu sita na kofia ya bodaboda, chini ameandika AMBI MZEE WA KAZI. Anasema akipona ataibandika kwenye pikipiki yake.

Dada, amekonda tena. Wiki mbili za kwanza bila vidonge alikuwa kama mtu mpya, miguu ilipoa, akala, akatania. Mama akasema unaona, Mungu ameanza. Sasa kikohozi kimerudi, na jasho, na jana nilipofua leso yake maji yalibadilika rangi. Nilimwaga haraka kabla mama hajafika. Mama naye amekohoa asubuhi mara mbili. Nimejiambia ni moshi wa kuni.

Makohozi Jenifer aliyachukua wiki iliyopita. Kesho Jumatatu anakuja na majibu. Najua yatakavyosema. Na ataangalia kadi, ataona arobaini na mbili, na itakuwa kama ulivyoandika, watasema dawa zimemshindwa. Watamtoa kwenye dawa ambazo hakuzimeza. Kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Nimejaribu kusema. Usifikiri sijajaribu. Alhamisi nilimfuata mama kwenye chai, nikamsaidia kuchuma mpaka kapu likajaa, nikasema, "Mama, ile fomu." Akasema, "Ile fomu nimeiweka ndani ya Biblia, usiishike kwa mikono yenye utomvu." Akaanza kuimba. Ningesema nini hapo? Niambie wewe mtu mzima, ningesema nini?

Kusema mimi siwezi. Kuandika naweza. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Nilikuwa nataka nikuombe uje. Uje na koti lako jeupe, ukae sebuleni, useme wewe ule mstari wa pili, watakusikia. Lakini boksi linaondoka Ijumaa, na kesho ni kesho.

Nasikia nyayo uani.

Si za mama. Mama ana mabuti ya mvua, yanapiga kishindo. Hizi zinaburuzwa, hatua mbili, anasimama kukohoa, hatua mbili. Kaka ametoka chumbani, anakuja huku jikoni. Anapita kwenye shimo. Amesimama.

Barua yako bado iko kwenye soksi, lakini hii haikunjiki vya kutosha, nimeandika sana. Jikoni hapa hakuna droo. Chini ya ungo ataona. Kwenye Biblia mama atafungua leo jioni.

Kadi yake iko hapa mezani. Yeye huwa haifungui, anasema hataki kuiona. Jenifer huifungua kabla hata hajakaa.

Dada Naima, nisamehe, barua ilikuwa yako. Sijui kama itakufikia.

Anaita, "Atu, mtu wangu amefika?" Amegusa mlango. Naiweka ndani ya kadi